Neno "Akili" na Istilahi za Elimu ya Nafsi

Kila elimu mpya iingiapo katika Kiswahili huja na mzigo wa maneno, na desturi yetu imekuwa kuutua mzigo huo neno moja moja: hili tumelipa jina, lile tumelipa jina, na orodha ikijaa twaona kazi imekwisha. Katika elimu ya mashine njia hii haina madhara makubwa. Parafujo ni parafujo, na anayelitumia jina hilo ana kitu mkononi cha kumsahihisha. Elimu ya nafsi, ambayo siku hizi huitwa zaidi saikolojia, haina kitu cha kushika mkononi. Yasema juu ya kuona, kufikiri na kuwa na akili, mambo ambayo kila msemaji wa Kiswahili alikuwa na maneno yake kabla hajazaliwa mwanachuoni wa kwanza wa elimu hiyo. Hapa neno la kufasiria haliingii katika nyumba tupu. Laingia katika nyumba yenye watu.

Madai yangu ni kwamba maneno tuliyoyatwaa kwa ajili ya kutambua na kufikiri yana kasoro, lakini ni kasoro ambazo mwalimu mwangalifu aweza kuzirekebisha darasani kwake. Neno akili ni jambo jingine. Jinsi tulivyolitumia kufasiri kile ambacho wazungu hukipima kwa majaribio huwadhuru watu wasioingia darasani kabisa, wala hawajui kwamba kuna istilahi inayojadiliwa.

Tuanze na kutambua. Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa kwamba mwanadamu ana milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Ni msemo mzuri, nao umekaa vizuri katika lugha, walakini ndani yake mna nadharia nzima. Mlango hupitisha, haubuni kitu. Asemaye milango ya fahamu amekwisha kusema kwamba vitu huingia ndani kama vilivyo, na fahamu yakaa barazani ikivipokea. Rai hiyo wanachuoni waliiacha zamani. Hermann von Helmholtz, katika kitabu chake kikubwa juu ya macho kilichokamilika mwaka 1867, alieleza kwamba katika kila kuona mna hukumu ambayo mwonaji mwenyewe hajui kuwa ameitoa: jicho hupata nuru na vivuli tu, na ni mtu anayeamua kwamba kile ni kitu cha mbali wala si kidogo. Mwaka 1889 Franz Müller-Lyer akachora mistari miwili iliyo sawa kwa urefu, mmoja ncha zake zimefungwa kama mishale, na wa pili zimefunguka kama uma. Karibu kila aitazamaye huuona wa pili kuwa mrefu zaidi, na hata akiipima kwa rula, jicho halimtii.

Mchoro huo ulizungushwa katika nchi nyingi, Afrika ikiwamo, na Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits, ambao mwaka 1966 walitoa kitabu juu ya matokeo yake. Waliodanganyika zaidi walikuwa watu wa Evanston, mji wa Marekani ulio jirani na Chicago, kuliko watu wa jamii nyingi za Afrika walioulizwa. Watungaji walifikiri kwamba sababu ni makazi: aliyekulia katika nyumba za pembe zilizonyooka amezoea kusoma pembe kama dalili ya umbali. Maelezo hayo yamepingwa na wengine, nami sioni kwamba yamethibitika. Lakini matokeo yenyewe yatosha kuutilia shaka msemo wa milango. Kama macho yangekuwa milango tu, yangepitisha mistari hiyo sawasawa Evanston na kwingineko. Nashangaa kidogo kwamba waandishi wa vitabu vya shule hawakuligeukia neno tulilo nalo siku zote, yaani kiinimacho, ambalo lautia udanganyifu katika jicho la mtazamaji wala si katika mkono wa mfanya mazingaombwe.

Vitenzi vyetu navyo havikugawanywa kwa viungo vya mwili. Twasikia sauti, lakini pia twasikia harufu, twasikia maumivu, twasikia baridi. Twaona mtu, lakini pia twaona njaa, twaona haya, twaona uchungu, na tukitoa rai twasema "naona kwamba". Mtafiti afasiriye orodha ya maswali juu ya hisi tano, akaandika kuona kwa macho na kusikia kwa masikio na kuendelea hivyo, atapata majibu ya ajabu, kisha atayahesabu kuwa ni tabia ya waliojibu. Sitaki kudai kwamba Waswahili wana nadharia yao ya hisi iliyofichwa katika vitenzi; madai ya namna hiyo ni mepesi kutoa na mazito kuthibitisha. Katika rangi, kwa mfano, sifa zinazopokea viambishi vya ngeli ni tatu tu, -eusi, -eupe na -ekundu, na nyingine zote ni majina ya vitu yaliyoazimwa: jani, manjano, jivu, kahawa, zambarau. Brent Berlin na Paul Kay walisema mwaka 1969 kwamba lugha yenye majina matatu ya rangi huwa na hayo hayo matatu, na Kiswahili chaonekana kuwapa ushahidi mzuri. Hata hivyo hapana atakayesema kwamba Mswahili hakuiona rangi ya jani mpaka alipoipa jina. Namna ambavyo majina huelekeza kukumbuka na kulinganisha rangi bado yabishaniwa, na majaribio yaliyofanywa New Guinea yametoa majibu yasiyopatana.

Neno lililoenea kwa jambo hili ni utambuzi. Kiini cha kutambua ni kujua kwamba hiki ndicho kile: ndugu huitwa kuitambua maiti, mwenye mali huitambua mali yake iliyoibwa. Kabla ya kutambua hapana budi kuwe kumejulikana. Kwa hiyo neno hili laeleza vizuri nusu moja ya jambo, laiacha nusu ya pili, ambayo ni kukitengeneza kitu machoni kwa mara ya kwanza. Tena wanaisimu wamelitwaa neno hilohilo kwa maana pana zaidi, ya shughuli zote za akili katika kujua, wakapata isimu tambuzi. Mwanafunzi asomaye kitabu cha saikolojia asubuhi na kitabu cha isimu jioni hukutana na utambuzi mbili. Mimi ningependelea kung'amua kwa lile jambo dogo, yaani kukipata kitu kwa njia ya hisi, kwa kuwa neno hilo lina jasho ndani yake: ang'amuaye ametazama, amepambanua, ndipo akajua. Naelewa kwamba wahakiki wa fasihi wamekwisha kulitumia katika ung'amuzi bwete, lakini maana hizo mbili hazigombani.

Juu ya kufikiri sina mengi ya kulalamikia katika kitenzi chenyewe. Kimetoka Kiarabu, kimekaa, nacho chatofautiana vema na kuwaza, ambako kwaweza kumjia mtu bila kuitwa. Ndiyo maana mtu mwenye mawazo si mwanafalsafa bali ni mtu mwenye dhiki. Kuelewa nako kuna historia ya kupendeza. Kwa asili jambo ndilo lililomwelea mtu, na mtu ndiye aliyeelewa, katika kauli ya kutendwa. Leo kauli hiyo imesahauliwa, na mwelewaji amekuwa mtenda. Dhana ndilo neno lenye kichekesho. Katika Kiarabu na katika Kiswahili cha watu wa kawaida, dhana ni jambo la kukisia, hata la kutuhumu: dhana mbaya, kumdhania mtu. Sisi tumelipandisha cheo likawa jina la jiwe la msingi la kufikiri. Sipendekezi liondolewe. Limekwisha kuota mizizi, na mwanafunzi hukosei njia kwa sababu yake.

Tatizo la kufikiri limo katika swali. Patricia Greenfield alipofanya majaribio kwa watoto wa Kiwolofu nchini Senegali, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1966, alitumia jaribio mashuhuri la Jean Piaget: maji humiminwa kutoka bilauri pana hadi bilauri nyembamba iliyo ndefu, na mtoto huulizwa kama maji yamebaki kiasi kilekile. Watoto wasiosoma shule walipoulizwa kwa nini wafikiri hivyo, au kwa nini wasema hivyo, wengi walinyamaza. Walipoulizwa kwa nini maji yako hivyo, walijibu. Tofauti haikuwa katika maji wala katika kichwa cha mtoto. Ilikuwa katika kumtaka aitoe fikira yake nje na kuitetea kama kitu mbali na ukweli wenyewe, jambo ambalo shule hulifunza na nyumbani halina haja.

Katika Kiswahili swali hilo lina hatari nyingine, nami sijaiona ikitajwa. "Unafikiri" akilisema mtu mzima kumwambia mtoto, mara nyingi ni mwanzo wa karipio. Unafikiri mimi ni mwenzako? Unafikiri fedha huokotwa? Msikilizaji ajua mara moja kwamba alichofikiri si kweli. Basi mtafiti mgeni, aliyevaa vizuri, akimwinamia mtoto wa miaka sita na kumwuliza, "Kwa nini unafikiri maji haya ni mengi zaidi?", mtoto mwenye adabu atabadili jibu lake. Na "mengi" nayo haisaidii, kwa kuwa sifa hiyo moja hutumika kwa kiasi cha maji na kwa hesabu ya vitu, na kwa jicho la mtoto maji yaliyopanda juu yana haki ya kuitwa mengi. Afasiriye jaribio hili aulize, "Kwa nini yako sawa?" au "Kwa nini hayako sawa?", kwa kadiri mtoto alivyojibu, aache kufikiri nje ya swali. Hili ni sahihisho dogo, lakini bila hilo takwimu zinazopatikana huwa kipimo cha adabu.

Alexander Luria alikutana na jambo la jamaa hiyo Uzbekistani mwaka 1931 na 1932, ingawa kitabu chake kilichelewa kutoka mpaka 1974. Wakulima wasiosoma waliambiwa kwamba kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, na kwamba Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali. Kisha wakaulizwa dubu wa huko wana rangi gani. Wengine walikataa kujibu, wakisema kwamba wao hawajafika huko, na asemaye ni yule aliyeona. Luria aliona hapo upungufu wa kufikiri kwa kanuni. Hakimu yeyote wa mahakama angeona shahidi mwaminifu.

Sasa tufike kwenye akili.

Shina la neno hili katika Kiarabu ni la kufunga: kamba afungwayo ngamia mguu asipotee hutoka katika shina hilohilo. Sidai kwamba msemaji wa Kiswahili ajua habari za ngamia, lakini ile maana ya kujifunga haikupotea njiani. Mama husema mtoto hana akili si kwa sababu ameshindwa hesabu, bali kwa sababu amempiga mdogo wake au amecheza na moto. Kijana aliyeacha ulevi amepata akili. Aliyeadhibiwa akatulia ametiwa akili. Na wosia huanza kwa mtu kukiri kwamba ana akili timamu, ambapo hapana atakayefikiri kwamba anajisifu kuwa mwerevu. Kwa werevu wa haraka tunayo maneno mengine, na baadhi yake yana harufu ya shaka: mjanja, mwerevu, mwepesi, ana kichwa. Kwa upande wa juu tunayo hekima na busara, na hili la pili, ajabu, latokana na shina la Kiarabu la kuona. Akili yakaa katikati ya uwanja huu wote, ikigusa pande zote: kujua, kujizuia, kuwa mzima wa nafsi, na hata hila, kama katika kufanya akili.

Tena akili ni za wingi. Umbo la neno halibadiliki, kwa hiyo nambari yake huonekana katika upatanisho tu, na upatanisho wa watu ni wazi: akili ni nywele, kila mtu ana zake, akili za kuambiwa, changanya na zako, akili zimemruka. Katika vitabu vya kufundishia walimu, neno limekuwa la umoja: akili ya mtoto hukua, akili ya mtoto hupimwa. Yafaa tuwe waangalifu hapa, maana upatanisho wa sarufi si ushahidi wa mambo ya nafsi. Maji nayo ni ya wingi, wala hapana ayahesabuye. Ila katika jambo hili sarufi yetu imeangukia katikati ya ugomvi wa wanachuoni wenyewe. Charles Spearman alisema mwaka 1904 kwamba nyuma ya alama zote za masomo mna uwezo mmoja wa jumla. L. L. Thurstone alimpinga mwaka 1938 kwa kutaja uwezo wa aina kadhaa. Howard Gardner, mwaka 1983, akasema akili zenyewe ni nyingi, ya muziki, ya mwili, ya kukaa na watu na nyinginezo. Mfasiri wa Gardner yuko taabuni: akiandika "akili nyingi", msomaji atafahamu kwamba mtu huyo ni mwerevu sana, na huenda akakumbuka kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Mfasiri wa Spearman hana taabu hata kidogo, na hilo ndilo la kutia wasiwasi. Kwa kuandika akili ya katika umoja amekwisha kumpa ushindi mmoja wa wagombanao, bila ya kusikiliza kesi.

Jaribio lenyewe lilianza kwa unyenyekevu. Alfred Binet na Théodore Simon walilitunga Paris mwaka 1905 ili kuwapata watoto waliohitaji mafundisho ya pekee, na Binet aliwaonya watu wasilifanye kuwa kipimo cha kitu kisichobadilika. Alichosema yeye ni kiwango cha mtoto kwa siku ile. Wafuasi wake walikigeuza kiwango kuwa umri; William Stern, mwaka 1912, akaugawanya umri huo kwa umri wa miaka; Lewis Terman, mwaka 1916, alipolitoa jaribio la Stanford, akaitumia namba hiyo ikiwa imezidishwa kwa 100. Basi hata kabla ya kufika kwetu, jambo hili lilikwisha kubadilika maana mara mbili au tatu kwa kubadilishwa jina. Lilipofika, lilifika katika nchi ambayo watawala walikuwa na haja ya kusikia majibu fulani. J. C. Carothers, aliyekuwa daktari mkuu wa hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, humo akaufananisha mwenendo wa Mwafrika mzima wa afya na ule wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kitabu hicho hakisomwi tena kwa kuaminiwa. Nakitaja kwa sababu chaonyesha ni kiasi gani cha hukumu chaweza kupakiwa juu ya neno moja, ikiwa neno hilo halikupambanua afya, tabia na wepesi wa kujibu.

Na neno letu halikupambanua. Jambo hili ndilo lililonifanya niandike. Katika Kiswahili cha leo, kupimwa akili ni kuchunguzwa kama mtu ni mwenda wazimu. Mahakama huamuru mshtakiwa apimwe akili. Hospitali ya magonjwa ya akili, iwe Mirembe ya Dodoma au Mathari yenyewe, ndiyo mahali pa kupimiwa. Na wanaogombana barabarani huambiana, "Nenda kapimwe akili." Huku ndiko tulikolipeleka jaribio la Binet kwa kuliita kipimo cha akili. Mwalimu amwandikiapo mzazi kwamba mtoto wake atapimwa akili, anataka kusema kwamba mtoto atapewa maumbo ayapange na maneno ayalinganishe kwa muda wa saa moja. Mzazi hasomi hivyo. Asoma kwamba shule yamshuku mtoto wazimu. Na jibu likirudi kwamba akili yake ni 70, namba hiyo humwangukia mtoto juu ya kila kitu kilichomo katika neno: utu wake, malezi aliyopewa na mama yake, uzima wake, na ukoo utakaomwoza.

Najua litakalojibiwa. Itasemwa kwamba istilahi hupata maana yake kwa kufafanuliwa, wala si kwa mazoea ya sokoni, na kwamba elimu ya fizikia imelichukua neno kazi na kulipa maana ambayo sokoni haijulikani. Ni kweli. Kwa fizikia mchukuzi aliyesimama tuli na gunia kichwani hafanyi kazi yoyote. Lakini mchukuzi akiambiwa hivyo hucheka, kisha hudai ujira wake, na hulipwa. Maana ya fizikia haina nguvu ya kumfuata nyumbani. Maana ya jaribio la akili humfuata mtoto nyumbani, na haina njia ya kuingia huko ila kwa mlango wa maana ya zamani. Hiyo ndiyo tofauti baina ya istilahi ya vitu na istilahi ya watu, na kamati za istilahi zimeendelea kuzitendea sawa.

Kwa majirani zetu jambo hili limechunguzwa kwa bidii zaidi. Mallory Wober, mwaka 1974, alionyesha kwamba Waganda wa vijijini huliambatanisha neno lao obugezi na utaratibu na uangalifu, hali wenzao waliosoma sana huliambatanisha na wepesi. Kwa Wajaluo, Elena Grigorenko na wenzake walieleza mwaka 2001 maneno manne yanayogawana uwanja: rieko, la maarifa na ustadi, luoro, la heshima, paro, la kuanzisha jambo, na winjo, la kuelewa namna ya kukabili matatizo ya maisha. Shule hutazama zaidi rieko. Mwaka huohuo Robert Sternberg na wenzake walitoa habari za watoto 85 wa upande wa Ziwa Victoria nchini Kenya, wa miaka 12 hadi 15, waliopimwa ujuzi wao wa dawa za mitishamba pamoja na majaribio ya kawaida. Ujuzi wa dawa na alama za majaribio aidha havikuhusiana, au vilihusiana kinyume: aliyejua dawa zaidi alielekea kupata alama chache, hasa katika msamiati. Sioni ajabu. Mtoto hana siku mbili katika siku moja, na familia nyingi huamua mapema ni ipi kati ya elimu hizo mbili itakayomlisha.

Yapo pia matokeo ya Embu. Tamara Daley na wenzake walilinganisha watoto wa huko waliofanya jaribio la maumbo la Raven mwaka 1984 na wengine waliolifanya mwaka 1998, wakakuta alama zimepanda sana katika miaka 14. Watafiti walitaja lishe, kusoma kwa wazazi na mabadiliko ya familia. James Flynn alikwisha kuonyesha kupanda kwa namna hiyo katika nchi za viwanda. Jaribuni kulisema jambo hili kwa istilahi iliyopo: akili ya watu wa Embu imeongezeka. Sentensi hiyo ni upuuzi, kwa kuwa yawafanya wazee wa Embu kuwa wajinga kwa kuzaliwa mapema. Isemwe kwamba watoto wa 1998 walilijibu jaribio vizuri kuliko wenzao wa 1984, na upuuzi umeondoka. Kilichobaki ni swali zuri la utafiti.

Kwa hiyo napendekeza kwamba neno akili liachwe nje ya jina la jaribio na nje ya jina la namba. Jaribio liitwe jaribio la kufikiri, au kwa jina lake lenyewe, la Binet au la Raven. Namba iitwe alama. Panapohitajika jina la kile kidhaniwacho kupimwa, wepesi wa kufikiri watosha, kwa kuwa majaribio mengi hutazama saa. Na aliye na jaribio lisilotazama saa aseme waziwazi ni uwezo gani alioutafuta. Yatalalamikiwa kuwa majina haya ni madogo. Ni madogo kwa kusudi.

Akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde na wengine akili bandia, hatuwezi kuigusa tena. Magazeti yameiamua, nalo neno limeenea kwa miaka michache kuliko istilahi yoyote ya saikolojia. Nimesikiliza upatanisho wake kwa makini: akili mnemba imeandika, akili mnemba imekosea, umoja daima. Sijasikia mtu hata mmoja akisema zimekosea. Yaonekana wasemaji, bila kushauriana na kamati yoyote, wameziacha za wingi kwa watu.

Linalowezekana kufanywa sasa ni dogo, nalo ni la karatasi. Fomu aipelekayo mwalimu kwa mzazi baada ya jaribio iwe na jina la jaribio, tarehe, alama, umri wa mtoto, na mstari mmoja ambao sijauona katika fomu yoyote niliyowahi kuishika: lugha ambayo mtoto aliulizwa kwayo, na lugha azungumzayo nyumbani.